Kinyozi Aliyefungiwa Nje ya Nyumba Yake

Ilikuwa mwaka wa tisini na saba. Hapana, ngoja. Ulikuwa wa tisini na nane, maana tisini na saba watu wa Jecheon, mji wetu huku Korea, walikuwa bado wanavaa pete zao, na mwaka ninaousema pete zilikuwa zimekwisha kupelekwa benki, foleni imefika barabarani, kila mtu na kidani chake mkononi, kulisaidia taifa kulipa deni. Tak Manbok kinyozi naye alipeleka pete yake ya ndoa. Aliporudi dukani akashika mkasi, na mteja aliyekuwa kitini akamwambia, "Manbok, leo mkono wako mwepesi." Manbok akacheka, akaendelea kunyoa.

Kazi ya unyozi alifunzwa jeshini. Alipotoka huko alipanga chumba cha duka chini ya stesheni, akawa ananyoa watu wa reli: madereva, wakata tiketi, wale wa kugonga magurudumu kwa nyundo. Watu wa reli hawapendi nywele za kugusa ukosi, kwa hiyo hakukosa riziki. Alichokosa ni kwake. Yeye na mkewe Bunrye walihama nyumba za kupanga mpaka Bunrye akawa hafungui tena masanduku yote. "Ya nini?" alikuwa akisema. "Mwenye nyumba akikohoa tu, sisi tunafunga virago."

Basi baba yake Bunrye alipofariki, alimwachia binti kiwanja ng'ambo ya barabara, mkabala kabisa na duka la kunyolea. Kiwanja kidogo, chenye mteremko, kilichokuwa kimelimwa figili. Manbok akaweka akiba, akakopa kidogo, akauza ng'ombe wa kaka yake kwa ruhusa ya kaka yake, akaanza kujenga. Ghorofa moja tu: chini duka la kunyolea, juu kulala. Siku msingi ulipochimbwa alivisogeza viti vya duka ili kila mteja aione nyumba kwenye kioo. Wengine walilalamika. Mzee Pyo, aliyestaafu kazi ya kuwasha taa za reli, alisema, "Nimekuja kutazama sura yangu, wewe unanionyesha matofali."

"Matofali yana sura nzuri kuliko yako, kaka," Manbok akamjibu.

Mkandarasi aliitwa Guk. Alikuwa mtu wa maneno matamu, mwenye gari jeupe na simu ya mkononi wakati simu hizo zilikuwa bado zinahesabika mjini. Yeye mwenyewe hakushika hata mwiko. Kazi aliigawa: huyu umeme, huyu madirisha, huyu vigae. Manbok alikuwa akimlipa Guk kila hatua ilipofika, na Guk ndiye wa kuwalipa mafundi. Ndivyo nyumba zote zilivyokuwa zikijengwa, na Manbok hakuwa na sababu ya kuuliza zaidi.

Sasa hapa ndipo penye jambo. Ukihamia nyumba mpya, huhamii siku yoyote tu. Kuna yule mzimu anayewaandama wahamaji. Huzunguka pande zote za dunia, na siku chache tu za mwezi mwandamo ndizo anazopanda mbinguni. Bunrye alikwenda kwa mwaguzi wa sokoni akapewa siku. Tatizo, siku hiyo ilikuwa karibu na nyumba haijaisha. Choo na ngazi na sakafu ya duka bado vigae. Lakini kwa hilo dawa iko, kila mwanamke anaijua: ingiza sufuria ya wali kwanza. Sufuria ya wali ikilala ndani siku njema, nyumba inahesabu kwamba mmekwisha kuhamia. Vitu vingine vitafuata taratibu.

Guk alipoulizwa ufunguo, akakuna shavu. "Ufunguo, bosi, huwa natoa nikimaliziwa fedha zangu. Lakini kwa ajili ya shemeji na siku yake njema, nimalizie leo, ufunguo chukua leo. Hivyo vigae vilivyobaki ni kazi ya kufumba na kufumbua."

Manbok akasitasita. Bunrye akamvuta pembeni, akamwita kwa jina la binti yao aliyekwisha kuolewa mbali. "Baba Sukhi, siku kama hii hairudi mpaka baridi ishike."

Akalipa, hadi senti ya mwisho. Asubuhi ya siku njema Bunrye akavuka barabara na sufuria yake ya umeme kifuani kama mtu aliyebeba mtoto, mchele umo ndani, akaiweka jikoni juu, akainama mara moja, akatoka. Na kwa kuwa fundi wa vigae alihitaji kuingia na kutoka kumaliza kazi, Manbok akampa ufunguo. Alimpa mwenyewe, kwa mkono wake wa kulia, mkono wa kushoto umeshika kiwiko kwa heshima.

Fundi huyo aliitwa Bang Gilsu. Mfupi, suruali imetoboka magotini, asiyesema sana. Hata wiki haijapita, gari jeupe la Guk likawa halionekani. Ofisi yake ikakutwa imefungwa, hundi zake zikarudi kama mbayuwayu. Mwaka ule hilo halikuwa la ajabu. Makampuni yalikuwa yakianguka kama matunda yaliyooza. La ajabu ni lile Manbok aliloliona kesho yake asubuhi alipofungua duka, akawasha taa, akatazama kiooni.

Kitambaa cheupe kimening'inia kutoka dirisha la juu la nyumba yake, kimeandikwa kwa rangi nyekundu. Kiooni maandishi yalikuwa kinyumenyume, ikabidi ageuke ayasome: FUNDI HAJALIPWA. NYUMBA HII IMESHIKILIWA.

Alivuka na aproni yake ya kunyolea. Mlango umefungwa kwa ndani.

"Fundi Bang! Nini hiki? Mimi nimelipa!"

Dirisha likafunguliwa. "Najua, bosi. Umemlipa Guk."

"Sasa?"

"Sasa Guk hakunilipa mimi. Vigae nilikopa dukani kwa jina langu. Vijana wangu niliwalipa mfukoni mwangu, wakaenda zao kwao. Mimi niliye na deni nimebaki na kitu kimoja tu cha kushika, na ndicho hiki nilichokalia."

"Lakini ni nyumba yangu!"

"Ndiyo, bosi. Nisamehe," akasema Bang, na dirisha akalifunga polepole, kama mtu asiyetaka kumwamsha mgonjwa.

Manbok akaenda kwa Yeom, mwandishi wa hati aliyekaa karibu na mahakama, mteja wake wa siku nyingi. Yeom alimsikiliza, akauliza mambo machache tu. Nyumba ina deni la huyo fundi? Ndiyo. Yumo ndani? Yumo. Alivunja mlango?

"Hakuvunja. Ufunguo nilimpa mimi."

Yeom akaweka kalamu mezani. "Kaka Manbok, bora angevunja."

"Unasema nini?"

"Angevunja, angekuwa mwizi, tungemtoa. Lakini kaingia kwa ridhaa yako, na jasho lake limo kwenye kuta. Mtu wa namna hiyo ana haki ya kushikilia mpaka alipwe. Kwamba ulimlipa Guk, hilo ni lako na Guk."

"Kwa hiyo nilipe mara mbili?"

"Au umsubiri. Haki yake inakaa pale anapokaa yeye. Siku akitoka mwenyewe, akaiacha nyumba tupu, haki inatoka naye. Wewe unaingia, unabadili kufuli, basi. Ila akijua hilo, na mafundi wote wanalijua, hatatoka."

Hivyo ndivyo watu wawili walivyofungwa na nyumba moja. Huyu hawezi kuingia, yule hawezi kutoka. Manbok alikuwa amekwisha kurudisha nyumba ya kupanga kwa mwenyewe, amana aliyomwekea mwenye nyumba ameichukua na kuimalizia kwa Guk, kwa hiyo yeye na Bunrye wakawa wanalala dukani, kati ya viti viwili vya kunyolea. Bunrye alikuwa akiamka na nywele za watu wa reli kwenye mto wake. Hakulia. Alikunguta mto, akasema, "Leo nimelala na dereva wa treni ya Busan." Utani huo ulimwuma Manbok kuliko kilio.

Kilichomwuma Bunrye mwenyewe kilikuwa kingine. Jioni, upepo ukigeuka, harufu ya wali ilivuka barabara. "Ile ni sufuria yangu," alikuwa akisema. "Nimeingiza bahati ndani, anaila mwingine."

Wateja nao walikuwa na mashauri. "Mkatie maji," alisema mmoja. "Mtilie moshi, kama nyuki." Mzee Pyo akasema, huku povu likiwa kidevuni, "Nyie hamna akili. Mwambieni mama yake amekufa. Mtu gani asiyetoka kwa msiba? Akifika kona, Manbok ndani!" Duka zima likacheka, na Manbok akacheka nalo, wembe umeinuliwa juu ili usimkate mtu.

Maji hakukata. Alijaribu kuwa na hasira, lakini hasira yake haikuwa ya kudumu, ilikuwa kama makaa ya mabua. Siku moja aliona Bang dirishani, nywele zimefunika masikio, ndevu kama mtoro. Mtu yule hakuweza hata kwenda kunyolewa. Manbok aliona aibu ya kikazi: kila siku kioo chake kilimwonyesha kichwa kichafu. Akachukua mkasi na shuka, akavuka.

"Fungua. Nakunyoa."

"Bosi, mimi si mjinga."

"Kaa ndani ya kizingiti. Mimi nitasimama nje. Mguu wangu ukigusa ndani, nikate."

Bang akafikiri. Kisha mlango ukafunguka, akaketi juu ya ndoo ya gundi ya vigae, visigino ndani kabisa, kichwa tu kikitokeza nje kama cha kobe. Manbok akamnyoa, nywele zikianguka nusu ndani nusu nje. Alipochungulia juu ya bega la yule mtu, aliona sakafu ya duka lake. Ilikuwa imekwisha. Vigae vya kijivu na vyeupe, mstari umenyooka kama reli, na ngazi nazo, kila pembe imekatwa ikakaa.

"Umemaliza?"

"Nifanye nini humu siku nzima? Mikono inawasha." Baadaye akaongeza, "Shemeji mwambie sufuria yake naisafisha. Siisugui kwa chuma."

"Usiniambie habari za sufuria," akasema Manbok. "Nikimpelekea maneno hayo, nitalala nje ya duka."

Bang akacheka, mara ya kwanza. Toka siku hiyo akaacha kumwita bosi, akamwita kaka. Kuliko kukaa kimya walisemezana, huyu upande huu wa kizingiti, huyu upande ule. Bang alikuwa mtoto wa kwanza wa mkulima wa viazi milimani Jeongseon. Mkewe alikuwa akifua mashuka hospitali moja ya Wonju, naye hakuwa amemwona tangu majira ya joto. Kwa kuwa ndani hamkuwa na simu, akaomba ndugu zake wapewe namba ya duka la kunyolea. Hakuwa na namba nyingine aliyoijua mjini kote. Manbok akakubali. Bunrye akasonya. "Umekuwa karani wake sasa."

Baridi ikaanza kushuka. Wanawake walikuwa wakinunua kabichi za kimchi, achari ya kuzikwa mtungini na kuliwa baridi nzima, na Bunrye hakununua, maana hakuwa na pa kuzika mtungi. Asubuhi moja simu ikalia. Sauti ya mwanamke, ya milimani, inapiga kelele kama watu wasiozoea simu wanavyofanya.

"Hapo ni kwa kinyozi? Mwambie Dolsoe baba amekufa. Amekufa alfajiri. Mwambie aje, yeye ndiye mkubwa, hatuwezi kuvaa nguo za kilio bila yeye!" Simu ikakatika.

Manbok akarudisha chombo cha simu mahali pake. Mzee Pyo alikuwa kitini, amelala na taulo la moto usoni, hakusikia. Bunrye alikuwa nyuma akifua mataulo. Manbok akatazama kiooni, na nyumba ilikuwa imo, na maandishi yake mekundu kinyumenyume. Akilini lilimjia neno moja, lile la Mzee Pyo la "Manbok ndani", nalo halikuwa la huruma. Akaliona, akaona haya, akavuka barabara.

"Gilsu. Shuka. Baba yako amefariki. Dada yako amepiga simu."

Bang alimtazama kutoka dirishani. Akatikisa kichwa taratibu. "Kaka, hata wewe?"

"Naapa."

"Kila mtu naye ana mbinu yake. Juzi mmoja alipita akapiga kelele 'moto'. Lakini wewe sikukufikiria." Akaanza kufunga dirisha.

Manbok akasogea chini ya dirisha. Angeapa kwa nini, mtu mwenye faida kubwa kuliko wote katika msiba ule? "Kakuita Dolsoe!" akapaza sauti. "Kasema wewe ndiye mkubwa, hawawezi kuvaa kilio bila wewe."

Dirisha likasimama nusu. Jina lile la utotoni hakuna mtu wa Jecheon aliyelijua. Bang akapotea, na Manbok akasikia mtu akiketi sakafuni kwa uzito.

Alipojitokeza mlangoni alikuwa amenawa uso lakini hakuwa amevuka kizingiti. Alisimama pale kama mtu aliye ukingoni mwa maji. "Nikitoka, kaka, imekwisha. Deni la vigae litanifuata mpaka kaburini. Nisipotoka, baba anazikwa na nani?" Aliuliza hivyo bila kulia, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Twende wote," akasema Manbok. Maneno yalimtoka kabla hajayapima. "Nikiwa na wewe, siwezi kuwa humu ndani. Tukirudi, tunarudi pamoja."

Bang akachukua kofia yake. Kisha akavuka kizingiti, akafunga mlango, akatia ufunguo mfukoni.

Wakapitia dukani ili Manbok achukue koti jeusi na bahasha ya rambirambi. Bang akangoja mlangoni, kofia mkononi.

"Mama Sukhi, nakwenda Jeongseon na fundi. Baba yake amefariki."

Bunrye hakuinua kichwa kutoka kwenye karai. "Wote wawili?"

"Wote wawili."

Yeye akakamua taulo, akalining'iniza, akachukua jingine. Hakusema neno. Manbok alisimama pale, mkono mmoja kwenye mkono wa koti na mwingine bado nje, akausikia ule ukimya wa mkewe. Alimjua vizuri, walikuwa wameishi pamoja miaka mingi. Kisha honi ya basi ikalia huko stesheni, naye akavaa mkono wa pili, akatoka.

Alidhani atarudi siku hiyo hiyo. Lakini kijiji kilikuwa na wazee tu, vijana wote wako mijini, na wabeba jeneza hawakutosha. Manbok akakaa. Akala ile supu nyekundu ya nyama ya msibani, akacheza karata na wajomba wa Bang ili wasisinzie, akashindwa kwa makusudi. Siku ya maziko alitia bega chini ya jeneza pamoja na wengine, wakapanda mlima unaoteleza kwa barafu nyembamba, Bang mbele amevaa kitani cha kilio. Mjomba mmoja akamwuliza Manbok, "Wewe ni rafiki yake wa kazini?"

"Ni fundi wa nyumba yangu."

"Basi una utu," mjomba akasema, "kuja mbali hivi kwa fundi."

Ndani ya basi la kurudi Bang alilala, kichwa kikamwegemea Manbok begani, naye hakujisogeza ingawa bega lilikuwa limechubuka.

Waliposhuka stesheni hakukuwa na kitambaa dirishani. Manbok aliliona kwanza hilo, kisha moshi wa bomba la jikoni, kisha kufuli jipya, la shaba, likimetameta mlangoni. Viti viwili vya kunyolea vilionekana kwa kioo cha mbele, vimesimama juu ya vigae vya kijivu na vyeupe. Na begi la vifaa vya Bang lilikuwa nje, ukutani, limefunikwa kwa nailoni vizuri lisiloane. Mwiko, pima maji, nyundo ya mpira, vyote vimo.

Manbok akagonga.

"Nani?"

"Mimi. Fungua, Mama Sukhi."

Nyayo zikasogea ndani. Halafu sauti ya Bunrye, karibu kabisa na mbao: "Uko peke yako?"

Hapo Manbok alishikwa. Akisema ndiyo, amemwuza mtu aliyelala begani mwake. Akisema hapana, mlango haufunguki, na mkewe anarudi kulala katika nywele za watu.

"Yuko peke yake, shemeji," akasema Bang. Tayari alikuwa ameinama, begi begani. Hakugombana, wala hakwenda kwa Yeom wala kwa mwingine kama Yeom. Alipanda mteremko kuelekea stesheni, na mlango ukafunguka, na wali ulikuwa umeiva.

Nyumba ile Manbok aliishi ndani yake. Wateja walisifu sakafu. Kila jioni alifagia nywele juu yake na ufagio haukukwama popote, na kila jioni alitamani ukwame. Bunrye alipoulizwa alisema, "Mimi nimeingia kwangu," na hapo alikuwa na haki, hata Yeom alisema ana haki. Fedha kidogo alizopeleka Jeongseon zilirudi na bahasha yake. Hakuna aliyemlaumu mjini. Hilo ndilo lililomzingira. Mtu akilaumiwa ana mlango wa kujitetea.

Alimwona Bang mara moja tu tena. Vyoo vya soko vilikuwa vikikarabatiwa, na Manbok akaingia asijue kumefungwa, akamkuta kapiga magoti, anapanga vigae vyeupe, nywele zimefunika masikio.

"Kaka, usikanyage hapo," Bang akasema bila kuinua macho. "Bado mbichi."

Manbok akasimama kwenye kizingiti. Alikuwa amepanga mengi ya kusema siku akimwona, ya fedha, ya msamaha. Yote yakapotea, likabaki moja.

"Gilsu, siku ile ulikuwa mlangoni ukisubiri. Ulimsikia mke wangu akiuliza kama tunakwenda wote wawili, na uliusikia ukimya wake kama nilivyousikia mimi. Mbona hukunishika koti ukaniambia nirudi nimkataze asiingie nyumba ikiwa tupu?"